Panya wa Juu ya Mpera

Mume mwenzangu, msomi wa panya,

Jana nilipanda mpera nikakagua kile kiota cha panya ulichoniachia nikichunge kwa ajili ya utafiti wako. Uongo mtupu. Nilikitazama dirishani, nimelala kitandani. Miguu imenigomea tangu mwezi uliopita, na bibi yako nilimkataza asikwambie.

Paka alikwea. Mama panya akazungusha mkia tawini akashuka, watoto watatu wamening'inia kwenye chuchu zake. Wa nne alianguka chini ya dirisha langu. Alilia asubuhi nzima, mjukuu wangu, nami namsikiliza tu. Bibi yako aliporudi kutoka sokoni, palikuwa kimya.

Andika na hilo, wewe mwenye shule.

Nilikubeba mgongoni kwenda shule msimu mzima wa mvua. Sasa zamu yako: njoo unitoe nje, nikaote jua.

Babu yako, mume mkubwa