Taarifa ya Saa Mbili

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu na kuku hawajakumaliza akili. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haina raha.

Ulisikia habari za vijana waliopigwa risasi kwenye geti la kiwanda cha saruji. Ripoti ya uchunguzi inatoka mwisho wa mwezi na inasema walikuwa wezi wenye mapanga. Mkuu wetu hapa redioni ameniteua niisome mimi, ati sauti yangu watu wanaiamini. Mama, siku ile nilikuwepo na kinasa sauti changu. Walikuwa wamekaa chini wakiimba. Hawakuwa na hata fimbo.

Nikikataa, kazi imekwenda, na siku hizi mtu akifukuzwa kwa jambo kama hili si lazima afike kwake. Naogopa. Nishauri, na uniombee.

Mwanao,
Kasuku

13 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba. Mguu hivyo hivyo, kuku wazima kuliko mimi. Kina mama wa kanisa bado wanajazana hapa kila saa mbili usiku kukusikiliza, na wananimalizia majani ya chai.

Mwanangu, soma. Hukuandika wewe, umepewa tu. Mungu anaujua moyo wako. Hata mchungaji nimemuuliza kwa kuzungukazunguka, akasema wakubwa waheshimiwe. Nimekulea peke yangu na sina mwingine. Usijitie kimbelembele. Soma, kisha uombe likizo uje nyumbani.

Mama yako

30 Machi

Mama,

Shikamoo. Najua umesikia.

Nilipokaa mbele ya kipaza sauti, nilimkumbuka jirani yetu mshonaji, yule niliyemwibia vitambaa nimshonee mwanasesere wangu nguo. Ulinitoa kitandani mvua ikinyesha, ukanipeleka kwake nikaombe radhi. Nikalia kwamba hakuna aliyeniona. Ukasema, "Mungu kakuona, na huyo ndiye wa kumwogopa." Ile hofu haijanitoka mpaka leo. Jana niliogopa kuisoma karatasi ile mbele za Mungu kuliko nilivyomwogopa mkuu. Nikaiweka kando, nikasema nilichokiona, mpaka mafundi wakakata matangazo na kuweka muziki.

Barua yako ilinikata maini. Kwa vipande vya kitambaa ulinitembeza kwenye mvua. Kwa watu waliouawa ukaniambia nisome tu.

Kuna gari limeegeshwa nje tangu asubuhi. Usije huku.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Nakusalimu, sijui salamu zitakukuta wapi. Barua ya hasira niliyokuandikia baada ya kukusikia imerudi, mwenye nyumba wako ameandika juu yake, "Hayupo." Nashukuru hukuisoma. Nimeichoma.

Usiku ule uliposema redioni, kina mama waliinuka mmoja mmoja, chai ikabaki vikombeni. Hawajarudi. Jumapili mchungaji aliombea wagonjwa, wasafiri na mvua. Nilikuwa nimemwomba akutaje, akaishia kukohoa. Miaka yote tunaimba kwamba tunamcha Bwana, kumbe tunamcha mkuu wa polisi! Na mimi nilikuwa mstari wa mbele.

Aliyekuja ni mshonaji. Kitinda mimba wake, uliyemwacha bado anasoma, alikuwa mmoja wa wale wa getini. Sikujua. Alimzika kimya kimya, akiona aibu kuitwa mama wa mwizi. Alikaa kwenye mkeka wangu akasema, "Mwanao amenirudishia mwanangu." Nilishindwa kumtazama usoni.

Basi nimekuja huku ulikokuwa ukifanya kazi, naye amenisindikiza. Tunalala stoo kwa binamu yake, katikati ya magunia. Redioni mlinzi anasema hajawahi kulisikia jina lako. Gerezani wanasema tuje kesho, na kila kesho tunakwenda. Naogopa. Lakini nikifikiria Mungu aniulize nilikuwa wapi, nami nimjibu kwamba nilikuwa nyumbani nalisha kuku, miguu inanyanyuka.

Barua hii nitaiacha gerezani. Najua wataifungua wao kwanza. Ikikufikia, mwanangu, isome kwa sauti.

Mama yako