Ndege wa Sare ya Pasaka

Jumatatu, 7 Julai
Nimeficha zaidi ya miaka arobaini kwamba ninajua kushona. Hapa Mshangano watu walidhani fundi ni mke wangu, marehemu Otilia. Yeye alipima wateja na kupiga nao soga. Mimi nilikata na kushona chumba cha ndani, pazia limefungwa. Mafundi wanaume wamejaa sokoni, lakini mimi, mwalimu mkuu, kushona blauzi za wake za watu niliona aibu.
Sasa nashona mchana kweupe. Mstari mmoja kila siku, baada ya uji. Leo bega la kushoto la blauzi.

Jumatano, 9 Julai
Cherehani inaruka nyuzi. Kwa nini iruke penye pindo tu, katikati ishone vizuri? Nimeichunguza saa nzima. Kumbe sindano ni nyembamba, ikifika penye mikunjo minne inapinda. Nimefurahi kama mtoto. Nusu mstari.

Alhamisi, 10 Julai
Baridi. Miguu imevimba, haikanyagi. Binti yangu Redempta amekanyaga, mimi nikaongoza kitambaa. Anakanyaga kama anayefukuzwa na nyuki. Aliuliza blauzi ni ya nani. Ya mama yako mkubwa Kristina, nikasema. Akauliza kwa nini. Nikamwambia aendelee kukanyaga.

Jibu naliandika hapa. Kristina ni dada wa Otilia, na ndiye aliyeongoza kwaya ya akina mama. Mwaka mmoja walituletea kitenge cha ndege, tuwashonee sare za Pasaka. Ndege wote walielekeza vichwa upande mmoja. Kitambaa cha namna hiyo ukikikunja ili ukate mbele na nyuma kwa mkupuo mmoja, nusu ya ndege wanapinduka. Mimi nilikikunja. Blauzi kumi na nane, migongoni ndege miguu juu. Kanisa zima likacheka. Otilia akasema amekosea yeye. Kristina akamtoa kwenye kwaya mbele ya wenzake. Hakuimba tena hadi anakufa.

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nataka Kristina ajue kabla sijaondoka.

Jumapili, 13 Julai
Nimelala tu. Hakuna mstari. Najichukia.

Jumanne, 15 Julai
Mkanda wa cherehani umekatika. Tumefunga mpira wa tairi la baiskeli, ukateleza. Nikajiuliza chaki itafanya nini. Bado ninayo boksi moja tangu nistaafu. Nimeupaka, umeshika. Mistari miwili.

Alhamisi, 17 Julai
Pumzi fupi. Nimeshona vifungo kwa mkono, kimoja kimoja, napumzika kati. Vitano. Redempta anasema mimi na chuma hiki tutazikwa kaburi moja.

Ijumaa, 18 Julai
Kristina amekuja, na fimbo yake. Tulitaniana kidogo: kila mmoja alimwambia mwenzake amezeeka vibaya. Nikampa blauzi, ya kitenge cha ndege kama kile. Aliigeuza, akatazama mgongo kwanza.
"Shemeji, hawa wamesimama," akasema. "Nani kashona?"
Nikasema mimi. Na zile kumi na nane pia mimi.
Akapitisha kidole juu ya ndege mmoja.
"Basi nilimfukuza mdogo wangu bure."
Hakulia. Aliuliza kama nilikata vile kwa kutojua. Nikasema ndiyo, na ni kweli. Akasema kosa la kutojua husameheka. Akaondoka na blauzi kwapani.
Nilitegemea nafuu. Sijaipata. Nimekaa kuitafuta sababu, na ninaijua.

Jumamosi, 19 Julai
Ukungu. Nyumba kimya. Sijashona.
Nilimwomba Redempta ampigie Kristina na kuniwekea simu sikioni. Nikamwambia, na hapa naliandika kosa langu ili lisibaki kwa Otilia: Jumamosi Kuu ile, nikipiga pasi, niliwaona ndege wamepinduka. Nikakunja zile blauzi migongo ikae ndani, nikampa mke wangu azipeleke.