Chupa ya Nne

Londiani,
Ijumaa.

Mpendwa dada Rodah,

Pokea salamu zangu. Natumai wewe na mama mko wazima, na kwamba mvua ya mawe haikugusa chai yetu. Mimi ni mzima wa mwili. Katika barua yako ulisema Kipkurui amekuwa mtoto mtulivu, analala mchana kutwa na mate hayamkauki, na mama akasema ni meno. Sehemu hiyo nimeisoma mara nyingi.

Jumanne Madam Bitutu, mwalimu wetu wa kemia, alitupeleka maabara huko Kericho na maji niliyochota wakati wa likizo fupi. Chupa tatu zilikuwa za mto ulio chini ya mashamba ya chai. Ya nne ilikuwa ya maji safi ya shuleni, ya kulinganishia. Fundi, Bwana Onyiego, alituambia mtambo wake una pua kali kuliko mbwa wa polisi. Hutoa kilichojificha majini, hukiingiza kwa sindano, joto hukigeuza mvuke, na gesi huusukuma katika mrija mwembamba kama uzi. Kila dawa hutokea upande wa pili kwa wakati wake, na kwenye kioo cha kompyuta mstari huinuka kama kilima.

Sote tulitarajia kwamba mto ndio wenye dawa ya mashambani. Judy wa darasa letu alikuwa hata ameshaandika hitimisho. Mto ukatoa mstari karibu tambarare. Chupa ya nne ikatoa kilima kimoja kirefu, cha dawa ya wadudu. Bwana Onyiego alicheka, akauliza kama sufuria za shule yetu pia huoshwa hivyo, akaandika kwamba chupa ilikuwa chafu. Wenzangu walicheka. Aliyeiosha ni mimi.

Dada, chupa ile ilikuwa safi. Maji ya shuleni, niliyopewa niyabebe pamoja na chupa za mto, yalinimwagikia nyumbani, nikaona aibu kurudi na chupa tupu. Niliijaza jikoni kwako, kutoka kwa mtungi wa buluu, ule wa maji ya uji wa mtoto. Na mtungi huo sikuununua sokoni Sigor kama nilivyokwambia. Niliuokota nyuma ya stoo ya dawa ya wadudu nilipokuwa nikichuma chai Desemba, nikabandua karatasi yake, nikausugua kwa jivu mpaka harufu ikaisha. Nilitaka ufurahi.

Nimekaa na jambo hili siku tatu. Leo nimemwambia Madam. Simu yako haipatikani tangu asubuhi, kwa hiyo anakuja mwenyewe huko nyumbani Boito, na barua hii mkononi. Gari lake linanguruma langoni ninapoandika.

Usiuoshe mtungi, wala usimwage maji. Ubebe kama ulivyo. Jino liwe limetoka au halijatoka, ingia kwa gari na mtoto mwende hospitali sasa hivi.

Msalimie mama. Mwambie pole pole kwamba si meno.

Ni mimi mdogo wako,
Sally