Boga Alilolikataa Kibonge

Mwanangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute hapo bwenini ukiwa mzima na umeshiba. Kama hujala, kale kwanza ndipo uje usome, maana nakujua, ukipata habari za mtoto chakula hakikupiti kooni. Mimi sijambo. Mumeo naye hajambo, bado anarudi kutoka kiwanda cha mikate akiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Na Kibonge wetu ni mzima. Narudia, ili usiruke mistari kwa wasiwasi: mtoto ni mzima, anacheza, na leo asubuhi kanivua kitambaa kichwani mara nne.

Najua unajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu mimi ni mwongo hodari, mwanangu. Ukiniuliza hali tu, mdomo unajibu wenyewe kwamba hakuna neno. Ndiyo maana nimekaa na kalamu, na barua hii atakuletea mumeo akija kukuona Jumamosi.

Yale maelekezo uliyobandika kwenye mlango wa friji niliyafuata yote, ingawa nilicheka. Mimi niliyewapikia watu mia tatu kwenye kantini ya kiwanda kwa miaka ishirini na miwili, leo nafundishwa kuponda karoti! Mboga moja kwa siku tatu, ndipo nyingine ifuate. Chumvi marufuku, sukari marufuku. Haya. Nikawa naweka chujio la bati juu ya sufuria ya maji, nafunika, mboga inaiva kwa mvuke mpaka uma unapenya bila ubishi. Naponda, napitisha kwenye chujio dogo, nalainisha kwa maji yale yale ya chini. Karoti ilitoka laini mpaka nikajisifu, maana hapakuwa na mwingine wa kunisifu. Kibonge aliila, akajipaka na masikioni. Viazi alikula. Njegere alizitemea kwenye shati la baba yake, lakini kesho yake akazikubali.

Ikaja zamu ya boga. Nilipika boga zima kwa mpigo, kama nilivyozoea kantini, nikaligawa kwenye vibakuli sita na kuviweka kwenye friji. Siku ya kwanza alikula. Siku ya pili akafunga mdomo kabisa. Nikaimba, nikakifanya kijiko ndege, nikapiga makofi kama kichaa. Wapi! Anageuza uso, analia, ananitazama kama nimemkosea. Nikamwambia kwamba ana maringo kama mama yake alivyokuwa, na kila alipofungua mdomo kulia, nikamsukumia kijiko. Vilipita vichache. Siku ya tatu hivyo hivyo, na jioni tumbo likaanza kumwendesha.

Kwako nilisema ni meno. Kliniki, muuguzi alimweka kwenye mizani, akasema uzito umeshuka, akaniuliza kwa upole chakula cha mtoto nakihifadhi vipi. Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi ni mpishi. Ulipopiga simu jioni ile nikakwambia mtoto anachagua chakula, labda anakukumbuka. Ndipo ukalia. Ukasema mwisho wa mwezi huu unaacha kozi, kwamba mashine za eksirei zitapata mafundi wengine, lakini Kibonge hana mama mwingine. Miezi miwili tu imebaki, mwanangu, na nafasi hiyo umeiomba miaka mitatu.

Sasa sikia. Kesho yake nilimkuta mumeo jikoni amenipa mgongo, anamwaga boga kwenye sinki. Nilimuuliza kulikoni, akaanza kujiumauma: mara bakuli lina ufa, mara nzi ameingia. Mumeo hajui kusema uongo, masikio yanamwiva. Nikambana. Akasema, macho yakiwa sakafuni, kwamba ananiomba radhi sana, ila boga limechacha, na lilikuwa limechacha tangu siku ile ya pili, maana mpira wa mlango wa friji umelegea na friji haifungi vizuri. Siku zote hizo, akirudi kutoka zamu na kukuta kibakuli mezani, alikuwa akikimwaga kimyakimya. Aliona haya kumwambia mama mkwe kwamba chakula chake kimeharibika. Alidhani mpishi kama mimi ameshagundua, na kwamba kile ni cha kutupwa. Kwamba nilikuwa nimemlisha mtoto, hilo halikumpita akilini.

Nilichukua kile kibakuli nikakileta puani. Aliniambia harufu imefika mpaka sebuleni. Nikavuta pumzi mara mbili, mara tatu. Sikusikia kitu.

Na hili ndilo nililokaa kitako kukuandikia. Sisikii harufu, mwanangu. Tangu ile homa iliyonilaza mwaka juzi, pua imekufa, na ulimi nao umekufa ganzi. Nakunywa chai kama mtu anayekunywa maji ya moto. Uliniuliza kwa nini niliacha kazi ghafla, nikasingizia miguu. Miguu yangu haina neno lolote. Niliunguza masufuria mawili ya maharage nikiwa nimesimama pale pale, na wiki hiyo hiyo watu wakarudisha sahani kwa chumvi kuzidi. Nikaondoka kabla sijaondolewa. Sikumwambia mtu. Niliona aibu, basi. Uliponiomba nimlee Kibonge ukiwa chuoni, nilifurahi mno kwamba kuna mtu bado ananitaka jikoni, nikashindwa kukwambia usinitegemee.

Kwa hiyo mtoto hana maringo. Alijua kilichokuwa kwenye kijiko, akanikatalia kwa nguvu zake zote, na mimi bibi yake nikamsukumia. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Ni siku kumi zimepita. Tumbo lilitulia baada ya siku mbili. Mumeo ameweka mpira mpya. Napika mboga kidogo kila asubuhi, ya siku hiyo tu, na kabla hajaenda kazini mumeo anakuja jikoni kunusa kibakuli, kwa uso mzito kama hakimu. Tumeacha kuoneana haya. Nimerudi kliniki, nimemwomba radhi yule muuguzi na kumweleza yote. Uzito umeanza kupanda. Ameniandikia niende kwa daktari wa pua Jumatano, nami nitakwenda.

Nakuomba usiache masomo kwa sababu ya uongo wangu. Ukiona siwezi kuachiwa mtoto, wifi yako amekubali kukaa naye mpaka umalize. Nguo zake nitazikunja mwenyewe, na sitanuna. Hasira zako ni haki yako. Uamuzi wowote utakaoutoa nitaupokea, ila uutoe ukiwa unajua kweli yote, ndiyo hii.

Wasalimie wenzako wa chumbani, na usisome ukiwa umelala chali, unaharibu macho. Kibonge anakusalimu kwa mikono yote miwili.

Naomba jambo moja. Kila anayembeba Kibonge huinama, akamnusa utosini, akafumba macho na kutabasamu. Nami huinama nikafanya kama wao. Alizaliwa nikiwa tayari hivi, sijawahi kuisikia harufu yake. Ukinijibu, hata kama ni barua ya kunigombeza, niandikie ananukiaje.

Ni mimi,
Mama yako