Kiingereza cha Kupiga

Makina, Kibera
4 Februari 2025

Ndanu binti yangu,

Uko aje huko Kawangware? Kifua kimeacha kukusumbua? Mimi ni mzima, ila huu mguu wa kushoto. Tangu Agosti hushiki simu zangu, kwa hivyo barua hii inaletwa na Phanice, yule anayeuza omena hapo kwenu stejini 46.

Kuna kazi. Shule moja ya chekechea huku inatafuta mtu wa kutunza watoto. Mwenyewe anauliza maswali kwa Kiingereza, tarehe kumi na nane. Nimeandika ya kusema, angalia kama yako sawa: "I beat the floor. I beat iron the clothes. I beat phone to the parents. I beat the children photos."

Usinicheke sana.

Mama yako, Wayua


Kawangware 46
8 Februari

Mwaitu,

Kifua kimepoa, mama. Ukikaa, weka huo mguu juu ya kiti.

Nimecheka mpaka jirani yangu Nasambu akagonga ukuta: "Wee, nani huyo anakufurahisha hivyo?" Ukisema hayo mbele ya mwenye shule ataita polisi. "Beat" ni kuchapa. Kiswahili kinapiga kila kitu: deki, pasi, simu, picha. Kiingereza kila kazi na kitenzi chake. Sakafu, "mop". Nguo, "iron", basi. Simu ni "make a call". Picha ni "take". Usiniulize wanazipeleka wapi.

Andika kila moja mara kumi.

Ndanu


Makina
19 Februari

Mwanangu,

Nakusalimu, na Nasambu pia. Mguu uko vile vile.

Niliandika mara ishirini. Jana nikaenda. Sakafu nikamop, simu nikamake, picha nikatake. Mwenye shule, Wangeci, alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Halafu akauliza: "Have you ever beaten a child?"

Hilo nililielewa lote. Ningesema "no", ningetoka na kazi. Nikasema: "I beat my daughter. She was nineteen. She did nothing." Sikutafuta kitenzi.

Akaandika. Akasema hataamua mpaka aongee na wewe, nikampa namba yako. Mwambie vile ilikuwa, usinifunike. Na hata asipokupigia: Agosti ile nilisikia eti umeonekana kwenye baa huko Kisumu Ndogo, nikachukua mwiko kabla ya kukuuliza. Nilikukosea, Ndanu. Haya yalifaa kuja kwa barua ya kwanza, kabla ya Kiingereza.

Mama yako


Kawangware 46
24 Februari

Mwaitu,

Natumai unaisoma hii ukiwa umekaa.

Wangeci amenipigia leo saa nne. Aliuliza kama ni kweli. Nikasema ndiyo, kwa mwiko, mara tatu, na jino moja likalegea. Akauliza kama naweza kukuachia mtoto wangu. Nikamwambia Agosti singeweza. Sasa naweza, kwa sababu ulipata nafasi ya kudanganya na ukaiacha.

Anasema uanze Jumatatu. Miezi mitatu utakuwa chini ya mwalimu Tabby, na mkono ukiinuka hata mara moja, unarudi nyumbani.

Hakujua swali lake lilinigusa wapi. Wangu anazaliwa Juni. Huko Makina hakuna mtu nimemwambia.

Jumapili nikitoka kanisani nitakuja. Pika muthokoi, na chumvi iwe kidogo, kliniki wamenikataza.

Mwanao, Ndanu