Shikamoo kwa Asiyefumbua Macho

Mjukuu wangu Tausi,

Hapa Ujiji tu wazima. Mama yako kapanda Kalinzi kuvuna kahawa, na goti langu limeanza kunitii.

Unauliza kwa nini kwenye mtihani wa leseni ya uuguzi mnakatwa alama msipoisalimia sanamu ya plastiki. Hata mimi ningeona upuuzi. Enzi zetu tulipimwa kwa mgonjwa wa kweli. Nilipewa mzee mvuvi wa Katonga, siku ya tatu hajafumbua macho. Nikanawa mikono, nikaanza kumgeuza kimya kimya nimwoshe mgongo. Mkewe, aliyekaa pembeni ya kitanda, akanishika mkono.

"Mwanangu, mbona humwamkii? Bado yupo."

Niliona haya mbele ya msimamizi. Nikamwinamia mzee sikioni: "Shikamoo, mzee. Nakugeuza."

"Marahaba," mkewe akaitikia kwa niaba yake, kisha akaanza kulia.

Mzee alifariki kesho yake. Mtihani nilifaulu, lakini alama zangu sizikumbuki. Naikumbuka marahaba ile.

Isalimie sanamu yako, Tausi. Yenyewe haitaitika. Siku moja ataitika mwingine, aliyekaa pembeni.

Bibi yako,
Mwajuma