Mwanzi Hauna Jumapili

Dabaga, Kilolo
14 Januari 2024

Kwa mwanangu Kalista,

Kamwene, mwanangu. Hujambo na vumbi la mashine ya mpunga? Mkwe wangu Shigela hajambo, na ng'ombe zake? Mimi mzima, goti tu ndilo linaloijua mvua kabla ya mawingu. Mwanao Happy mzima, anakula, meno mawili ya mbele yameng'oka na hataki kucheka mbele ya watu.

Utashangaa barua. Ni kwamba simu ukiipokea unasema nitakupigia Mama, mashine inanguruma huko nyuma, halafu hupigi. Barua huwezi kuikata. Ukiikunja, siku moja utaikunjua. Elimu yangu unaijua, darasa la nne, kwa hiyo palipopinda panyooshe mwenyewe. Kondakta wa basi la Mbeya kaahidi kukufikishia mkononi hapo Chimala.

Mwanangu, mtoto ulimleta Desemba ukasema wiki tatu. Shule zimefunguliwa. Nimempeleka hii ya kwetu, mwalimu kasema akae kwanza darasa la pili mpaka ijulikane mama yake anasemaje. Sasa wewe unasemaje?

Siandiki kwa kumchoka. Naandika kwa sababu wiki ya kwanza alikuwa anauliza Mama anakuja lini, asubuhi anauliza, mchana anauliza. Wiki ya pili aliuliza mara moja. Sasa hivi haulizi. Hilo ndilo linanikosesha raha.

Akili yake yote iko kwenye mianzi. Nimempa machipukizi matatu pale kwenye mianzi ya marehemu baba yako Edmund, yale mafupi yanayomfika kifuani. Nimemfundisha kugema ulanzi kama nilivyokufundisha wewe. Asubuhi anakata ncha, nyembamba kama ganda la kitunguu, anafunga mbeta yake ya mwanzi ya kukingia. Jioni anarudi, anamimina, anakata tena. Siku saba hakikutoka kitu. Siku ya nane, tone. Kalista, mtoto alipiga magoti kwenye tope! Akaweka ulimi. Akaniambia, "Bibi, huu mti una maziwa."

Mimi nagema tangu msichana, nilishasahau kwamba ni ajabu. Siku ile nami nilisimama nikatazama. Maji yanatoka kwenye udongo hayana sukari hata chembe, yanapita kwenye ukuni, yanafika juu matamu. Nani anayatia?

Leo nimemwambia tuwahi ibada, mwanzi tutaukata tukirudi. Kanijibu, "Bibi, mwanzi hauna Jumapili." Na ni kweli. Ukiuacha siku mbili unafunga mlango. Basi tumeukata kwanza, tukaingia kanisani watu wako kwenye wimbo wa tatu, miguu tope tupu.

Njoo umwone. Au njoo umchukue. Vyote sawa, ila njoo.

Ni mimi mama yako,
Rozalia


Chimala
29 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi hatujambo, Shigela anakusalimu, yuko Madibira shambani. Pole na goti.

Barua yako imenitia aibu na kunichekesha. Vijana wangu hapa wamepiga kelele, "Bosi kaletewa samansi!" Nimejifungia stoo katikati ya magunia ili niandike, ni hapa tu ambapo mtu hanioni.

Nisamehe, Mama. Mwezi huu, wote waliokuwa wameficha mpunga wakisubiri bei wameutoa siku moja, matela yamepanga foleni mpaka barabara kuu. Na huko Madibira nafunga mashine ya pili, mafundi usipowasimamia wanalala. Naomba Happy amalize muhula huko kwako.

Kuhusu mianzi, mnajitesa bure. Asubuhi, jioni, Jumapili! Siku hizi kazi ni akili. Nimempa kondakta madumu matatu ya lita tano na mipira yake. Mfunge mpira kwenye ncha, mwisho wake uingie kwenye dumu, mwende Jumatano na Jumapili tu. Goti lako litapumzika na mtoto atapata muda wa kusoma.

Halafu Mama, usinifanye nijione nimemtupa. Wewe ulinipeleka Ilomba, mjini Mbeya, kwa watu nisiowajua, nina miaka kumi na miwili, nikabeba mtoto wa mtu mgongoni na mimi mwenyewe mtoto. Happy yuko kwa bibi yake, ana blanketi lake. Sikusemi. Nasema tu.

Mwanao,
Kalista


Dabaga
25 Februari 2024

Mwanangu Kalista,

Kamwene. Natumaini mko salama wewe na Shigela. Huku mvua haina huruma, lakini tupo.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kuanza, nimeikosa, basi naanza hivyo hivyo. Mtoto wako alilewa.

Usipige kelele, soma kwanza. Mzima kabisa, sasa hivi anafukuza kuku. Ilikuwa hivi. Madumu yako tuliyafunga. Nilijua moyoni si sawa, lakini nikasema mwanangu ana mashine inayokoboa magunia mia, mimi ni nani nimbishie? Sasa wewe umesahau kitu, Kalista. Ulanzi wa asubuhi ni togwa, mtoto anakunywa hata kwa uji. Ukikaa siku tatu ndani ya plastiki na jua la mchana, ule ni mkangafu, unaangusha wanaume. Ndiyo maana tunaenda asubuhi na jioni. Si ujinga wetu.

Jumamosi ya tarehe kumi na saba nilikuwa kwa jirani yangu Juliana, amefiwa na mama yake, nilikuwa jikoni napika tangu alfajiri. Happy alikuja na kiu kutoka kucheza, akafungua dumu, akanywa kikombe, kikombe na nusu, Mungu anajua. Waliniita watoto wenzake. Nilikimbia na mwiko mkononi.

Nilimkuta uani kwetu amesimama juu ya kinu anahubiria kuku. Watu wa msibani wamejaa kwenye ua, wanacheka mpaka wanashikana. Mimi pia, Mungu anisamehe, kicheko kilinitoka. Halafu nikasikia anachosema. Ameshika gunzi sikioni kama simu, kiuno amekishika hivi. Anawaambia kuku, "Nitakupigia. Nitakupigia Mama, nipo kwenye mashine. Nimesema nitakupigia!" Kuku akimsogelea anamsukuma kwa mguu.

Watu waliacha kucheka mmoja mmoja.

Nilimbeba mpaka zahanati na goti hili hili. Nesi kanigombeza, kasema alale, apewe maji na uji. Alivyoamka aliuliza kama mwanzi wake umekatwa. Madumu nimeyatoa, nimewekea chumvi na mafuta ya taa. Mwanzi mmoja umefunga, miwili bado inatoa.

La Ilomba nimelisoma.

Mama yako,
Rozalia


Chimala
1 Machi 2024

Mama,

Nimesoma mara nne. Shikamoo. Nakuja Alhamisi.

Kalista


Dabaga
20 Machi 2024

Mwanangu Kalista,

Salamu nyingi. Sisi wazima.

Alhamisi ile Happy alivaa gauni la kanisani, akakaa kwenye jiwe pale njia panda. Saa sita nikampelekea viazi. Jioni akanyanyuka mwenyewe, akaenda kukata mwanzi na gauni lile lile. Hakulia. Ningesikia kilio ningekuwa na nafuu.

Basi nilikasirika. Nikamwacha mtoto kwa Juliana, Alhamisi iliyofuata nikapanda basi alfajiri nije Chimala nikuseme mbele ya watu wako. Ndiyo, nilikuja. Hukuniona. Nilikaa ng'ambo ya barabara kwa mama muuza chai, na sweta langu la kijani na mbeta ya ulanzi kwenye kikapu.

Mwanangu, sijawahi kuona kitu kama kile. Kwanza mlio, hata chai ilikuwa inatetemeka kwenye kikombe. Pumba zinaruka juu kama ukungu wa kwetu wa Juni, na katikati ya ukungu ule umesimama wewe, juu ya magunia, kilemba kimekuwa cheupe. Wanaume kumi na mmoja, nimewahesabu, wanakutazama mdomo. Nilisikia unamwambia mmoja, "Nashoni, weka pale, na ukizubaa nakukoboa wewe!" Akacheka akakimbia. Kisha mchele ukaanza kushuka. Mweupe. Hauishi. Ulichota kwa mkono, ukanusa, ukatafuna punje moja, ukasema neno, na mtu wa mashine akapinda kitu, na mchele ukatoka mweupe zaidi. Nikajiuliza, huyu ndiye yule niliyemfungia nguo mbili kwenye mfuko wa rambo?

Nilikuja na maneno ya njia nzima. Yaliniisha yote. Nilitamani nivue viatu.

Mwaka ule baba yako alikuwa anakohoa damu na viazi viliozea shambani. Yule mama alikuja kutoka Ilomba, amevaa vizuri, akasema atakusomesha. Sikuuliza mara ya pili. Niliogopa nikiuliza atabadilisha mawazo. Ulipanda gari hukugeuka nyuma, na mimi nikajisifu kwa watu, mwanangu jasiri, hakulia. Nimejisifia hilo miaka ishirini na mbili. Pale kwa mama muuza chai nikamkumbuka Happy akinyanyuka kwenye jiwe, nikajua nilikuwa najisifia nini.

Mbeta nimemwachia mlinzi wako. Nikapanda basi la kurudi, nikalala Makambako kwa mama yako mdogo Veneranda. Sikuja kukusema tena. Mtu aliyefanya kama wewe atakusema kwa mdomo gani?

Mama yako,
Rozalia


Chimala
1 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na heri ya Pasaka.

Mlinzi alinipa mbeta akasema, "Kuna mama wa sweta la kijani, alikaa pale saa mbili nzima anakutazama kama anatazama maandamano." Nikajua. Nilikimbia mpaka stendi na pumba mwilini, basi limeshaondoka. Nilikunywa pale pale nimesimama. Ulikuwa umeshakuwa mkangafu, Mama, umeniwasha mpaka masikio. Nimekunywa wote.

Alhamisi ile nilikuwa nimefunga mkoba. Saa kumi na moja alfajiri mkanda wa mashine ya Madibira ukakatika. Nikasema niende mara moja halafu nipande basi la saa nne. Ikawa usiku. Kila siku ni hivyo, Mama, hakuna siku ninayoamua kumwacha mtoto. Ni mkanda tu.

Nikujibu la Ilomba. Nililia mwaka mzima, chooni, nikifungua bomba nisisikike. Mwaka wa pili niliacha. Yule mama akasema, afadhali, amezoea. Sikuzoea. Nilikuwa nimemaliza. Ndiyo maana barua yako ya kwanza, uliposema Happy haulizi, niliikunja haraka nikaiweka chini ya mzani. Nilijua. Nikakutumia madumu.

Mashine ya Madibira nimemwachia Anord, jirani yetu wa shamba, aliitaka tangu zamani. Hii ya Chimala sitaiacha, Mama, usiniombe. Umeona mwenyewe. Lakini Shigela kasema ataisimamia mpaka mwisho wa mvua, ng'ombe zake atamwachia kaka yake. Mavuno yakianza nitarudi, na nitarudi na Happy akitaka, na Jumapili nitazima. Nashoni kaapa nitaugua siku ya tatu kwa kukosa kelele.

Nakuja Ijumaa ya tarehe kumi na mbili. Usimwambie mtoto. Asikae tena kwenye jiwe.

Mwanao,
Kalista


Dabaga
Jumapili, 14 Aprili 2024

Mwanangu Kalista,

Barua hii haipandi basi. Wewe upo nje, nakuona kwa dirisha, umevaa gumbuti za marehemu baba yako zinakupwaya. Nitaiweka chini ya mto wako. Salamu sikupi, tumeshasalimiana.

Kuna mambo mdomo wangu haujui kuyabeba, kalamu inajaribu. La kwanza, nisamehe Ilomba. Usinijibu. Ukiwa umesamehe, kesho niamshe na chai, nitaelewa. Ukiwa bado, nipikie tu uji kama leo, pia nitaelewa, nitasubiri.

La pili ni hili la asubuhi, naliandika lisinipotee.

Ijumaa uliposhuka kwenye basi Happy alikuamkia kama mgeni, "Shikamoo." Niliona uso wako. Jana kutwa amekuita "wewe." Leo asubuhi amechukua kisu akatoka, ukamfuata, nami nikawafuata kwa mbali na goti langu. Ukungu umejaa, majani yanadondosha maji. Ukamwambia nipe nijaribu. Akasita, akakupa. Ukakata.

Kalista, hujashika kisu kile tangu una miaka kumi na miwili. Ngozi iliyotoka niliiona nikiwa mbali, inapitisha mwanga. Mkono ule niliufundisha mimi. Umepita Ilomba, umepita kwenye magunia na mikanda na mashine, na bado ulikuwa unajua. Tone likatoka hapo hapo. Mlikuwa mmeinama wawili mnalitazama, vichwa vimegusana, na mimi nimesimama nyuma ya mwanzi nimeshika mdomo kama mtu aliyeingia kanisani watu wanasali. Nilitaka kumwambia baba yako, tazama.

Halafu simu yako ikaita mfukoni.

Happy aliacha kutazama tone. Akakutazama wewe. Alingoja, na nikaona anajikaza mwili kama wakati wa sindano. Ikaita. Ukaitoa bila kuinua kichwa, ukanyoosha mkono nyuma hivi, "Mama, ishike wewe." Kumbe ulijua nipo! Kisha ukamrudishia mtoto kisu. "Huu mwingine unaukataje? Nionyeshe, nimesahau."

Akakutazama kidogo. Akasema, "Mama, usipige magoti karibu hivyo, utauvunja."

Sikusikia kingine. Simu ilikuwa inaniita mkononi, nikaipokea, ni Nashoni, anapiga kelele kutoka kwenye mashine, bosi yuko wapi, bosi yuko wapi, na siku yenyewe Jumapili. Nikasogea pembeni nisiwasumbue. Nikamwambia, "Hujambo baba. Yuko kwenye mwanzi. Atakupigia."

Mama yako,
Rozalia